Uzoefu Wangu Disneyland: Bustani Iliyojengwa na Wachora Katuni

Disneyland ya Anaheim, California, naipa nyota tano, na sehemu kubwa ya nyota hizo inakwenda kwa vitu ambavyo wengi huvipita mbio wakiwahi foleni: madirisha, ngazi, taa moja inayoachwa ikiwaka. Mimi ni mpenzi wa katuni za zamani, zile zilizochorwa kwa mkono, picha 24 kwa kila sekunde ya filamu, kwa hiyo tathmini hii isome ukilijua hilo. Anayetafuta rola kosta ya kumtoa roho atanisoma bure.

Bustani hii ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, mahali palipokuwa na mashamba ya michungwa, na wengi wa waliobuni vivutio vyake walitoka moja kwa moja kwenye meza za kuchorea filamu katika studio ya Walt Disney. Ukiingia getini na habari hiyo kichwani, kila kona inabadilika. Unaanza kuona kwamba kuna kitu kimewekwa karibu na kingine mbali kwa makusudi, na kwamba kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu jicho lako litatua wapi kwanza.

Mwaka 1937 studio ile ilianza kutumia kamera iliyofungwa juu ya mabamba ya vioo yaliyopangwa ghorofa ghorofa. Bamba la juu lina matawi ya miti, la kati lina nyumba, la chini kabisa lina anga na mwezi. Kila bamba likisogezwa kwa mwendo wake, mchoro bapa unapata kina, na mtazamaji anahisi anapenya msituni. Main Street, mtaa wa kwanza ukishaingia, imejengwa kwa akili hiyo hiyo, ila safari hii anayesogea ni wewe. Ghorofa za juu za maduka zimejengwa kwa vipimo vidogo kuliko za chini, basi jengo linaonekana refu kuliko lilivyo. Kasri lililoko mbele nalo matofali yake yanazidi kuwa madogo kadiri yanavyopanda. Urefu wake ni kama mita 23 tu. Ukilitazama kutoka mwanzo wa mtaa, ungeapa ni mara mbili ya hapo.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba kasri la Disneyland ni dogo. Ni dogo, ndiyo. Lile la bustani ya Disney ya Florida ni kubwa zaidi na linapendeza pichani, lakini hili la Anaheim ndilo unaloweza kulisogelea bila kujihisi sisimizi, na ndani yake kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Nitakifikia.

Kabla hujaondoka Main Street, inua macho. Kwenye vioo vya ghorofa za juu kuna majina yaliyoandikwa kwa mtindo wa matangazo ya biashara ya zamani, kama vile mwenye jina ana ofisi mle ndani. Ni majina ya watu walioijenga bustani: wachoraji, mafundi, wachongaji, wasimamizi. Katika filamu majina ya namna hii huja mwishoni, watu wakiwa wameshasimama kutafuta mlango. Hapa yamewekwa mwanzoni, na bado watu hawayaoni. Juu ya kituo cha zimamoto, upande wa kushoto ukiingia, kuna nyumba ndogo aliyokuwa akiitumia Walt mwenyewe, na dirishani kuna taa ambayo huachwa ikiwaka kwa kumkumbuka.

Sasa kasri. Watu hupita chini yake, wakapiga picha, wakaendelea. Ukishavuka, upande wa Fantasyland, sehemu ya bustani yenye safari za hadithi, kuna mlango mdogo unaopandisha ngazi nyembamba ndani ya kuta. Hakuna kigari cha kukubeba, unatembea. Unapanda gizani, unasimama kwenye kidirisha, unachungulia, na ndani kuna tukio la hadithi ya Sleeping Beauty limepangwa kwa tabaka: vichaka mbele, watu katikati, ukuta wa ngome nyuma, na kila tabaka lina mwanga wake. Ni ile kamera ya vioo, safari hii ukiwa umeweka jicho lako mahali pa lenzi.

Kinachonifurahisha zaidi ni tarehe. Kasri lilikuwepo 1955, matembezi haya ya ndani yakafunguliwa 1957, na filamu yenyewe ikatoka 1959. Yaani watu walikuwa wakitembea ndani ya katuni miaka miwili kabla haijaonyeshwa! Mandhari za filamu hiyo zilichorwa chini ya uongozi wa Eyvind Earle, mchoraji aliyependa miti yenye pembe kali na majani yaliyopangwa kama mapazia ya kufumwa ya Ulaya ya kale. Miaka ya 1970 vidirisha hivi vilibadilishwa vikawekwa vinyago vya mtindo mwingine, mwaka 2001 matembezi yakafungwa, na yalipofunguliwa tena 2008 yalirudishwa kwenye sura ya Earle. Inaonekana. Simama kwenye kidirisha chochote uangalie majani tu, usiangalie watu: kila jani lina ukingo wake, hakuna lililopakwa kwa haraka. Ndiyo filamu ndefu ya mwisho ya studio hiyo ambayo mistari ya wahusika ilipigwa wino kwa mkono juu ya karatasi angavu. Iliyofuata, ya 1961, ilitumia mashine ya kunakili kuhamisha mistari ya penseli, ndiyo maana wahusika wake wana mistari inayokwaruza. Mimi napenda zote mbili, ila nikilazimishwa kuchagua, ya 1959.

Wasioweza kupanda ngazi wana chumba chini kinachoonyesha matembezi hayo hayo kwenye skrini. Si sawa na kupanda, lakini usikiruke kama magoti yanakusumbua.

Pembeni ya kasri, upande wa mashariki, kuna bustani ndogo ya Snow White yenye maporomoko ya maji, kisima na sanamu nyeupe za marumaru. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu hadi walio nami wakaanza kunitazama vibaya. Sanamu zilipofika zilikuwa na kasoro: Snow White alikuwa na kimo sawa na wale mbilikimo saba. Ungefanyaje? John Hench, mmoja wa wabunifu wakongwe, alimpandisha Snow White juu kabisa ya maporomoko na kuwaacha mbilikimo chini karibu na mtazamaji. Akiwa kule juu, macho yako yanamsamehe. Unaona ni mtu mzima aliye mbali. Ukijua siri, unaanza kupima kwa kidole, na bado akili inakataa. Ukisogea kwenye kisima utasikia sauti ikiimba. Ni ya Adriana Caselotti, yule yule aliyeimba kwenye filamu ya 1937.

Fantasyland yenyewe ina safari za gizani, zile za kukaa kwenye kigari na kupitishwa ndani ya hadithi. Tatu za kwanza ni za 1955: Peter Pan, Snow White na Mr. Toad. Mwanzoni kulikuwa na wazo la ajabu kidogo: abiria ndiye mhusika mkuu. Katika safari ya Snow White, Snow White alikuwa wewe, kwa hiyo hakuonekana popote. Watu walishuka wakiuliza binti yuko wapi. Mwaka 1983 sehemu hii ilipojengwa upya, wahusika wakuu wakaingizwa. Naelewa kwa nini, lakini wazo la kwanza lilikuwa na ujasiri ambao naukosa.

Ukiwa nje ya jengo la Snow White, tazama dirisha la juu. Subiri kidogo, pazia litafunguka na malkia mwovu atakuchungulia, kisha litafungwa. Nilimwona mtoto mmoja akimvuta mama yake mkono amwonyeshe, na mama alipogeuka, pazia limeshafungwa. Yule mtoto hakuaminiwa hata kidogo.

Peter Pan anza nayo asubuhi, bustani ikifunguliwa tu, kwa sababu foleni yake haipungui siku nzima na safari yenyewe ni fupi. Mashua inaning'inia darini, kwa hiyo London ya usiku inapita chini ya miguu yako. Mr. Toad nayo usiidharau kwa sababu mistari yake inaonekana ya kizamani. Wahusika wengi ni mbao bapa zilizopakwa rangi zinazong'aa kwenye mwanga maalumu gizani, na mwisho wake ni kichekesho cha kutisha: unagongana na treni, kisha unajikuta jehanamu na mashetani wadogo. Katuni ya 1949 iliyotumika haina tukio hilo kabisa, wabunifu walijiongezea. Safari kama hiyo iliyokuwa Florida ilifungwa 1998, basi ukiitaka ni hapa. Kwa maoni yangu ubao bapa uliopakwa na mkono wa mtu unazidi picha za projekta, lakini najua niko upande wa wazee.

"It's a small world", safari ya mashua katikati ya wanasesere wanaoimba, nitaipita haraka, maana wimbo wake umeshawachosha wengi. Nenda kwa ajili ya rangi za Mary Blair, aliyekuwa akichora michoro ya awali ya filamu za miaka ya 1950, na uziangalie kama maonyesho ya sanaa. Ilitengenezwa kwa Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964, ikahamishiwa hapa 1966.

Halafu kuna Marc Davis. Huyu ndiye aliyemchora Maleficent, yule mchawi mwovu, akitembea na kuzungumza kwenye Sleeping Beauty, na Tinker Bell wa Peter Pan kabla yake. Alipohamia upande wa bustani, alichofanya ni kuleta jicho la mchora katuni kwenye sanamu za mashine: kila tukio lieleweke kwa mtupo mmoja wa macho, kwa sababu kigari hakisimami. Katika Pirates of the Caribbean, safari ya mashua ya maharamia iliyofunguliwa Machi 1967, miezi mitatu baada ya Walt kufariki, angalia wafungwa wanaombembeleza mbwa mwenye funguo mdomoni. Sekunde chache tu, hakuna neno linalohitajika, umeshaelewa kisa chote, umeshacheka, umeshapita.

Haunted Mansion, safari ya nyumba ya mizimu, ndiyo shule kamili. Jengo la nje lilisimama tupu kwa miaka kadhaa kabla ya kufunguliwa Agosti 1969. Davis alitaka kichekesho. Mwenzake Claude Coats, aliyekuwa mchoraji wa mandhari, alitaka hofu. Matokeo yake nusu ya kwanza ni korido, milango na giza bila mizimu ya kuonekana, na nusu ya pili ni sherehe ya marehemu. Kile chumba cha mwanzo ambacho kuta zake zinarefuka huku picha zikifunuka kumbe ni lifti. Kinakushusha chini ili upite chini ya reli inayozunguka bustani, kwa sababu safari yenyewe iko kwenye jengo kubwa nje ya mpaka huo. Tatizo la nafasi wakaligeuza kuwa tukio ambalo kila mtu analikumbuka.

Kwenye ukumbi wa dansi, mizimu inayopenya meza ni akisi kwenye kioo kikubwa. Sanamu halisi zimefichwa usikoweza kuona. Ujanja huo ulikuwa wa majukwaa ya Uingereza tangu miaka ya 1860. Ukikaza macho utagundua kwamba wanawake ndio wanaoongoza dansi, kwa kuwa kioo kimegeuza kila kitu. Sikuwahi kuliona hilo hadi nilipolitafuta, na sasa siwezi kuacha kuliona.

Angalizo moja muhimu: kuanzia karibu Septemba hadi mwanzoni mwa Januari nyumba hii huvalishwa mapambo ya filamu ya The Nightmare Before Christmas. Ni kazi nzuri, ila kama unafuata michoro ya Davis na Coats, panga safari nje ya miezi hiyo.

Ukichoka, panda treni. Katika stesheni ya New Orleans Square utasikia mashine ya telegrafu ikigonga. Sauti hiyo ina maana: ni maneno ya ufunguzi wa hotuba ya Walt ya 1955, kwa msimbo wa kale wa telegrafu za Marekani. Injini namba 5 imepewa jina la Ward Kimball, mchora katuni aliyekuwa na treni halisi uani kwake. Ukiibahatisha siku hiyo, vizuri. Zinapangwa kwa zamu.

Kwa mambo ya kawaida: bei ya tiketi hubadilika kulingana na tarehe, basi siku za katikati ya wiki nje ya likizo za shule zitakupa nafuu ya mfuko na ya foleni. Bustani ya pili, California Adventure, iko mkabala na hii na inahitaji tiketi yake au ile ya kuingia zote mbili. Mpenzi wa kuchora asiikose kwa sababu ya Animation Academy, darasa fupi ambapo mwalimu anachora kwenye skrini nanyi mnafuatisha kwa penseli: duara kwanza, kisha mistari miwili hafifu ya kukuonyesha macho na pua zitakaa wapi. Mhusika hubadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine, kwa hiyo tazama ratiba mlangoni. Karatasi unaondoka nayo.

Wenye watoto wadogo, zile safari tatu za gizani hazina sharti la kimo, ila Snow White na Mr. Toad zina vitisho. Muulize mtoto kwanza. Na kama kwenye kundi lenu kuna kijana anayetaka mwendo wa kasi peke yake, msimburute. Six Flags Magic Mountain iko kaskazini mwa Los Angeles, ina rola kosta za kumshibisha, na ninyi mtabaki na kasri lenu kwa utulivu.