Miaka mitatu na Gibson ES-175: mlio, bei, na pale linaponishinda

Gitaa langu la umeme ni Gibson ES-175 la mwaka 1996, kahawia iliyokolea pembeni na rangi ya asali katikati. Nililinunua mtumba. Binamu yangu anayeishi Hamburg alikwenda kulikagua, akalegeza nyuzi, akalifunga kwenye boksi lake gumu, akaja nalo Dar es Salaam alipokuja likizo. Dola 3,400. Kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 8, na hapo sijagusa nauli wala kodi. Huu ni mwaka wa tatu nalipiga: wikiendi hotelini tukiwa watatu, gitaa, bezi na dramu, na mara mojamoja nikiitwa kwenye bendi ya dansi. Wapiga gitaa wenzangu huniuliza kila siku kama kweli linastahili pesa hiyo, kwa hiyo leo nalijibu swali hilo kwa urefu.

Nianze na mlio, maana ndio nilioununua. Shika uzi wa tatu, freti ya tano, yaani chuma cha tano shingoni. Weka swichi kwenye pikapu ya shingoni (pikapu ni kile kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme), punguza toni karibu nusu, piga kwa kidole gumba. Kinachotoka kwanza ni "tup" laini, kama tone zito la maji likiangukia mtungini. Kisha noti inafunguka, nene, yenye joto, halafu inaondoka mapema kuliko ulivyotarajia. Hiyo "tup" ya mwanzo ndiyo niliyokuwa naitafuta miaka yote. Nimejaribu kuitengeneza kwa gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo, kwa amplifaya, kwa vifaa vya miguuni. Nikapata noti nene na tamu, lakini ule mguso wa mwanzo haukuja.

Sababu yake unaiona ukilishika tu. Tumbo ni tupu kabisa, unene wa sentimita 8 na zaidi, na kifua kimetobolewa matundu mawili yenye umbo la herufi f kama ya fidla. Ukipiga uzi, kifua kinatikisika nao, na kikitikisika kinaunyonya uzi nguvu. Kwenye gitaa la ubao mzima nguvu hiyo hubaki kwenye uzi, noti ikakaa na kukaa. Kwa mpiga solo wa roki huo ni utajiri. Kwangu mimi, ninayepiga kodi, yaani noti kwa pamoja, nne zilizobanana, noti inayoondoka kwa wakati ni neema: kila moja inasikika, inampisha mwenzake, na bezi hapati shida kupita chini yake.

Wengi wakisikia kifua hiki ni cha plaiwudi wanahisi wameibiwa. Ni kweli, mwili mzima ni mbao za tabaka, hasa za mti mgumu uitwao mepo, na ndivyo ulivyokusudiwa. Kampuni ya Gibson ya Marekani walilitoa mwaka 1949 kwa dola 175, ndipo likapata jina, kama gitaa la umeme la mfanyakazi. Mwenye pesa alinunua L-5, gitaa jingine la Gibson, ambalo kifua chake ni ubao mzima uliochongwa wa msprusi, mti wa jamii ya msonobari, na hadi leo L-5 ni la bei ya juu mno. Nimewahi kulishika moja kwa nusu saa. Bila umeme linaimba kama gitaa kavu, sauti yake pana na ya kung'aa, nililipenda. Lakini ile "tup" kavu na fupi ya 175 inatokana na plaiwudi yenyewe, kwa kuwa ni ngumu na haitikisiki ovyo.

Na kwa sisi tunaoishi pwani kuna jingine. Natoka kwenye kiyoyozi cha hoteli saa sita usiku naingia kwenye joto la baharini, siku mbili kila wiki. Ubao mzima wa msprusi hunywa unyevu, ukavimba, ukasinyaa, na mwisho wake ni ufa. Tabaka za plaiwudi zimepishanishwa nyuzinyuzi zake, kila moja inaizuia nyingine. Kwa miaka mitatu fundi amegusa shingo mara mbili tu, na ufa sijauona hata mmoja. Vyuma ndivyo vinavyoumia: mkia, kile chuma kinachoshika ncha za nyuzi, umepoteza mng'ao na skrubu zimeanza kushika kutu, hivyo navifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga, na ndani ya boksi naweka vifuko vya kunyonya unyevu.

Ukitaka kujua linaweza kwenda mbali kiasi gani, wasikilize wapiga gitaa mashuhuri walioishi nalo. Joe Pass alipewa lake zawadi mwaka 1963, akalitumia kupiga besi, kodi na solo peke yake kana kwamba wako watatu. Jim Hall alikuwa na la pikapu moja ya zamani, P-90, kabla Gibson hawajaanza kuliwekea hambaka, pikapu ya koili mbili isiyovuma, mwaka 1957. Sauti yake ni ndogo, laini, imejaa nafasi. Pat Metheny alisafiri dunia nzima na la 1958. Steve Howe alinunua lake mwaka 1964 akaenda kupiga nalo roki. Weka rekodi zao mfululizo, utadhani ni magitaa manne ya viwanda tofauti. Gitaa hili linakiacha kidole chako kisikike, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko pikapu wala jina lililoandikwa kichwani.

Sisi wa dansi nasi magitaa ya namna hii si mageni. Bill Alexandre, Mbelgiji wa studio za kurekodi za CEFA pale Léopoldville (Kinshasa ya leo), ndiye anayetajwa kuleta gitaa la umeme kwenye muziki wa Kongo mwaka 1953, na rumba ya miaka ile ilikua mikononi mwa magitaa yenye tumbo. Nikipiga rumba ya taratibu kwa 175, nyuzi mbili kwa pamoja, pikapu zote mbili zimewashwa, napata utamu ambao gitaa langu la ubao mzima halijawahi kunipa.

Tatizo ni pale sebene linapoanza.

Mwezi wa tatu baada ya kulipata nililipeleka kwenye ukumbi wa harusi. Dramu kubwa, spika nyuma yangu, watu mia tatu. Wimbo wa pili nikagusa sol ya chini, uzi wa sita freti ya tatu, na gitaa likaanza kunguruma lenyewe. Spika inatikisa kifua, kifua kinatikisa uzi, uzi unairudishia spika, na mngurumo unapanda. Nikaweka kiganja juu ya nyuzi, haukunyamaza. Mpiga bezi wetu, mzee wa miaka mingi jukwaani, akanisogelea: "Dogo, zima hiyo, bibi harusi anashtuka." Nikashusha sauti hadi nikawa sisikiki, nikamaliza usiku mzima hivyo.

Baadaye nilikata vipande viwili vya sponji ya godoro nikaviziba kwenye matundu ya kifua, nikapunguza besi kwenye amplifaya, nikajifunza kusimama pembeni ya spika badala ya mbele yake. Imesaidia, lakini sponji inakula sehemu ya kile nilichokilipia. Siku hizi kwenye harusi nabeba gitaa la ubao. Kila gitaa lenye tumbo tupu lina tabia hii, liwe la dola 500 au 15,000, na anayekuuzia bila kukwambia hakutendei haki. Kama kazi zako nyingi ni za kumbi na sauti kubwa, tafuta ES-335 au ndugu zake: tangu 1958 lina gogo la ubao katikati ya tumbo linalotuliza mngurumo. "Tup" yake ni ndogo zaidi, lakini utalala usingizi.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa: daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, halikugundishwa. Limekaa juu ya kifua kwa mgandamizo wa nyuzi tu. Mara ya kwanza kubadilisha nyuzi nilizitoa zote sita, daraja likateleza, na jioni ile kila kodi niliyoshika juu ya freti ya tano ilikuwa nje ya sauti. Badilisha uzi mmoja mmoja, na uweke alama ndogo ya utepe wa karatasi mahali daraja linapokaa. Mimi hutumia nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa waya bapa kama utepe, unene wa 12 hadi 52 kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi. Nyuzi za kawaida zinalifanya ling'ae na vidole vinakwaruza. Bapa zinalirudisha nyumbani. Ni ghali, ila seti moja inanichukua miezi minane.

Tuje kwenye pesa. Kabla ya hili nilikuwa na gitaa la tumbo tupu la dola 600, na wageni wa hoteli hawakuwahi kulilalamikia. Tofauti naisikia kuanzia freti ya kumi kwenda juu: lile la awali noti zilikonda, zikawa kama sauti ya mtu aliyeziba pua, wakati 175 linabaki na mwili uleule hadi mwisho wa shingo. Na nikipiga polepole, kwa nguvu ndogo kabisa, bado linazungumza. Hilo limebadilisha upigaji wangu. Nimepunguza noti, na wenzangu wawili wamepunguza sauti bila kuombwa.

Kwa anayeanza, au anayetegemea harusi, nasema asikope kwa ajili yake. Kwa mwenye kazi ya kudumu ya muziki wa utulivu, ningemwambia alitafute mtumba, la miaka ya 1990, na shingo ikaguliwe kabla hajatoa hata senti. Gibson walisitisha kulitengeneza kwa kawaida mwishoni mwa miaka ya 2010, na bei ya mtumba haijashuka tangu nilipolinunua langu.