Uzoefu wangu na kimoduli cha saa DS3231 kwenye Raspberry Pi 4

Wale mnaotumia Raspberry Pi 4 (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) kama seva ya dukani, haka kadude ka saa DS3231 nakapa nyota nne. Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, Pi ndo inatunza mauzo na kutoa risiti, sasa tatizo la Pi 4 haina saa ya betri kama kompyuta za mezani, inasevu muda kwenye faili tu, ikiwaka inaendelezea hapo ilipoishia. Yaani umeme ukatike usiku urudi asubuhi na bando limekata, mashine inajua bado jana, risiti zinatoka na tarehe ya jana na hesabu za jioni zinakuwa vurugu tupu.

Watu watakwambia weka chrony (programu ya kuseti saa kupitia neti) yatosha. Chrony naikubali sana, ila inataka neti, na neti yetu mnaijua.

Kufunga ni rahisi, nyaya nne, kwenye config.txt (faili la mipangilio ya Pi) unaweka dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, unaondoa fake-hwclock (ile programu inayosevu muda kwenye faili), unariboti, neti ikiwepo na muda umeshakaa sawa unapiga sudo hwclock -w kuuandika kwenye DS3231, imeisha hiyo. Kwenye chrony.conf acha rtcsync, hapo kernel (kiini cha Linux) yenyewe inaandika muda kwenye DS3231 kila dakika 11. Kilichonifurahisha ni kwamba ndani ina kipima joto, inajirekebisha yenyewe joto likitaka kuharibu mwendo wa saa, na duka langu la bati mchana linawaka balaa. Watengenezaji wanasema inakosea ppm 2 (sehemu 2 kwa milioni), ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka, mi kwa risiti nataka nini tena. Halafu iacheni kwenye UTC (saa ya dunia) jamani, Linux itajumlisha masaa yetu matatu yenyewe.

Nyota niliyokata ni ya betri. Hizi bodi za bei chee zina saketi ya kuchaji, imewekwa kwa ajili ya LIR2032 ya kuchajiwa, ila muuzaji anakuchomekea CR2032 ambayo haichajiwi kabisa, ukiipa bodi volti 5 betri inachajiwa kwa lazima, inaweza kuvimba au kuvuja. Mi bodi nimeilisha volti 3.3 kutoka pini namba 1 ya Pi na fundi wa simu akaning'olea ile dayodi ndogo ya kuchajia pembeni, kazi ya dakika mbili kwa mwenye solda. Ukiwa kwake mwambie kabisa na nyaya akuchomelee, zile za kuchomeka zinalegea ukifuta vumbi tu.