Jiko safi, uwanja umetumalizia beki

Nyota mbili. Ingekuwa hosteli ya semina au wageni wa harusi ningewapa nne, ila hawa wanajitangaza kuwa ni kituo cha kambi za timu, basi nawapima kama kituo cha kambi.

Mimi ni meneja wa timu ya mkoani, siyo hizi kubwa mnazoziona kwenye televisheni. Tulikuja Julai kujiandaa na msimu. Dodoma kwa kambi ni pazuri: asubuhi kuna baridi, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024 wachezaji wanaotokea Dar hawashindi njiani kutwa nzima. Vyumba havina shida. Neti nzima, maji yanatoka hata alfajiri, ila ya moto usiyategemee.

Chakula sasa. Mama wa jikoni anapika ugali wa uwele na mlenda mpaka vijana wa Pwani, waliokuwa wanaukunjia uso mwanzoni, wakawa wanagombea ukoko. Juisi ya ubuyu kila mchana. Huyu mama nitamrudia.

Uwanja. Ukiutazama kutoka barazani utadhani umepata Uwanja wa Jamhuri wa hapa mjini, ila mdogo, kwa sababu katikati wanamwagilia. Pembeni ni udongo mtupu, na Julai mvua imeshasahaulika, ardhi ngumu kama sakafu, njumu haziingii. Upande wa kulia, karibu na kibendera cha kona, kuna shimo la koki ya bomba la kumwagilia. Wamelifunika kwa kipande cha bati, juu wakamwaga mchanga. Usingelijua.

Beki wetu wa kulia, dogo wa miaka 20, alipanda kupiga krosi. Mguu wa kushoto, ule wa kusimamia, ukazama pale. Mwili ukageuka, goti likabaki. Hakuguswa na mtu. Mlio wa goti tuliusikia mpaka benchi.

Machela hakuna. Sanduku la huduma ya kwanza lipo, tena zuri, lipo mapokezi, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mhasibu ambaye hajafika kazini. Lilipokuja kufunguliwa lilikuwa na pamba na panadol. Gari la hosteli lilikuwa limekwenda Majengo kuchukua unga.

Mchezaji mmoja mkongwe alishafungua chupa ya mafuta ya kuchua. Ndipo mama wa jikoni akatokea mbio na barafu ya kwenye friji la samaki, kaifunga kwenye kanga. "Msimchue! Mtoto kaumia ndani nyie mnamkanda?" Na alikuwa sahihi, goti lililochanika ukilichua muda uleule unaongeza damu na uvimbe. Akatupatia boksi la maji ya chupa, tukalikata, tukalifunga nyuma ya mguu kwa bandeji usipinde. Tukampakia kwenye bajaji, golikipa kampakata mguu, dereva akawa anapanda matuta ya barabarani taratibu kweli. Huyo dereva Mungu ambariki.

Hospitalini eksirei ikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika, vijana wakashangilia. Mimi sikushangilia, maana eksirei inaona mifupa, na goti lilikuwa limeshavimba kabla ya saa sita mchana, dalili kwamba damu inavujia ndani. Kipimo cha MRI kikamaliza ubishi: ile kano ya mbele iliyo ndani ya goti, wanayoiita ACL, imekatika. Ni upasuaji, na hata mambo yakienda vizuri daktari hataki kumwona uwanjani kabla ya miezi tisa, kwa sababu wanaowahi kurudi ndio wanaoikata tena. Dogo ana mkataba wa msimu mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Nilipomfuata mkurugenzi akaniambia, "Kaka, vijana wenu hawakupasha misuli." Mzee wangu, kwa heshima zote: tunapasha kwa mpangilio wa FIFA 11+, dakika kama 20 kila siku, na kocha wa viungo yupo. Kupasha kunapunguza majeraha, hakufukii shimo. Kesho yake asubuhi nikakuta limezungushiwa matofali manne yaliyopakwa chokaa. Kumbe matofali yalikuwepo.

Ukitaka kuleta timu hapa, usianze na bei ya kichwa. Zunguka pembeni mwa uwanja kwa miguu ukiwa na mwenyeji, akuonyeshe koki zote, kisha mwambie afungue lile sanduku mbele yako. Gari la dharura liandikwe kwenye mkataba.

Nyota zote mbili ni za jikoni. Kuhusu fidia bado tunazungushana. Wakati wa kuondoka tuliletewa bili, kitanda cha dogo kimehesabiwa mpaka siku ya mwisho ya kambi, na chakula chake pia. Nimelipa, risiti ninayo.