Nahodha aliyerudi baada ya miaka minane: uzoefu wangu na mwezi wa riwaya za mapenzi

Nianze na kitabu chenyewe, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Katika vitabu vinne nilivyosoma mwezi uliopita, kimoja tu kilinisahaulisha chungu motoni, nacho ni Persuasion cha Jane Austen, mwanamke wa Kiingereza. Mwandishi alifariki Julai 1817, na kitabu kikatoka Desemba mwaka huohuo, yeye yuko kaburini. Hapa kwetu Lamu mwaka huo Ngome ilikuwa ingali inajengwa. Ilianzwa 1813 ikamalizika 1821. Naipita kila asubuhi nikienda sokoni, na siku hizi kila nikiipita namkumbuka yule mwanamke.

Sisi ni wanawake saba. Tunakutana kila Alhamisi baada ya alasiri, katika ukumbi wa nyumba moja ya Mkomani, na kila mwezi tunajiwekea changamoto ya kusoma. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya riwaya za mapenzi. Masharti yalikuwa matano: kitabu kimoja kiwe cha Kiswahili kilichoandikwa na mtu wa visiwani au wa pwani, kimoja kiwe na umri unaopita miaka mia, kimoja kiwe kile ulichokuwa ukikisoma kwa kujificha ulipokuwa msichana, cha nne ni hiari yako. Na kila mtu aseme alichokiona bila ya kuona haya. Sharti hili la mwisho ndilo lililokuwa zito, kwa sababu kwetu mambo ya mapenzi huimbwa arusini na kufumbwa kwenye mashairi, lakini kukaa kitako ukasema waziwazi, "hapa nililia," si jambo tulilolizoea.

Cha kujificha kwangu kilikuwa kimoja katika vile vitabu vyembamba vya Mills & Boon. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908, na kuanzia miaka ya 1930 ikajulikana zaidi kwa mapenzi kuliko kwa kitu kingine. Nilipokuwa shule ya bweni vilikuwa vikipita mkono kwa mkono mpaka jalada linatoka, na mimi nilikivika changu karatasi ya kaki kama daftari la jiografia. Safari hii nilikipata kimoja katika rundo la vitabu walivyoacha wageni, nikakimaliza kwa siku mbili. Raha ilikuwapo, sikatai. Unajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwisho utakuwa mwema, na kwa mtu aliyechoka na mchana wake hiyo ni faraja ya kweli. Lakini kuna kitu nilichokuwa sikioni nilipokuwa na miaka kumi na sita. Msichana amesikia maneno mlangoni, hakuyasikia yote, akakasirika, akaondoka. Mwanamume naye ana kiburi, hamfuati. Basi kurasa mia na hamsini zinapita. Wangekaa hawa wawili wakanywa kahawa, kitabu kingekwisha. Hapo ndipo nilipojua ninachokitafuta katika riwaya ya mapenzi. Nataka kinachowatenganisha wapenzi kiwe kitu cha kweli, kitu ambacho hata mimi na akili zangu zote nisingejua nikivuke vipi. Nyota mbili, na ya pili ni kwa ajili ya kumbukumbu ya bwenini.

Cha hiari nilichagua Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1972. Sitakaa nacho sana hapa. Ni kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili kitamu, Kiswahili cha Unguja kisichotafuta maneno, lakini kinachokaa kati ya Bahati na Idi ni tamaa ya fedha, na mapenzi humo ni chambo zaidi kuliko samaki. Nakipenda kama riwaya. Kwa mwezi wa mapenzi kiliniacha na uchungu mdomoni.

Cha Kiswahili kilichonishika ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999. Kabla sijakisifu niseme lililonipata. Nilikiagiza kutoka duka moja la Mombasa, na mzigo ukasafiri kwa basi mpaka Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, ukavushwa kwa boti. Nilipokifungua nilikuta kurasa 16 za katikati hazimo, kwa jinsi kilivyofungwa kiwandani. Duka lilikubali kubadilisha, lakini gharama ya kukirudisha ikawa juu yangu, na wiki mbili zikapotea. Anayeagiza kitabu kutoka mbali amwombe mwenye duka akifungue na kukikagua kwanza, kwa sababu kwetu sisi wa kisiwani kurudisha kitu si kazi ya mara moja. Nilimalizia kwa nakala ya shoga yangu, nikikisoma usiku ili mchana akitumie yeye.

Kinaanza na Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anayeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa kutosha kuwa baba yake. Anatoka katika ndoa ile, wazee wake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma upande wa Ng'ambo wa mji wa Unguja, na huko anakutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza. Ukumbini kulizuka ubishi. Wenzangu wawili walisema hii si riwaya ya mapenzi, ni riwaya ya siasa, imeingia katika mwezi wetu kwa mlango wa nyuma. Mimi nasema ni ya mapenzi hasa. Kinachowatenga wale wawili ni rangi, ni dini ya majirani, ni polisi wa kikoloni wanaomsaka Denge usiku na mchana, na ni Denge mwenyewe, ambaye moyo wake umegawanyika kati ya mwanamke na nchi. Hakuna kahawa inayoweza kumaliza hayo. Mwisho wake siusemi. Nitasema tu kwamba Mwajuma, rafiki, nilimpenda kuliko wapenzi wenyewe. Mwanamke asiye na kitu, anakufungulia mlango, anakugawia kitanda chake, wala hakuulizi utaondoka lini. Nyota nne na nusu.

Sasa nirudi kwa nahodha wangu.

Persuasion nilikipakua bure kwenye simu, kutoka tovuti ya Project Gutenberg, kwa kuwa ni cha zamani na hakina tena haki za kulipia. Kiingereza chake ni kigumu. Sentensi moja inaweza kuzunguka kama kichochoro cha Langoni, ukadhani umepotea, kisha ukatokea mahali palepale ulipotaka kwenda. Kwa hiyo tuliamua kukisoma pamoja: kina sura 24, tukachukua sita kila Alhamisi. Mimi nilisoma kimoyomoyo aya nzima, halafu nikaisimulia kwa Kiswahili, na wenzangu wakisikiliza huku wanashona kofia. Kofia ya vito inataka macho na vidole, lakini masikio inayaacha huru. Nawaambia wanaosoma peke yao vyumbani, jaribuni hivi. Mahali penye ukweli utapajua, kwa sababu sindano zinasimama.

Hadithi yenyewe ni hii. Anne Elliot alichumbiwa na kijana wa jeshi la majini, Frederick Wentworth, akiwa na miaka kumi na tisa. Kijana hakuwa na mali wala jamaa wa kujulikana. Mama yake Anne alikuwa ameshafariki, na aliyeshika nafasi yake ni rafiki wa mama, Lady Russell. Huyu akamshawishi Anne avunje uchumba, naye akavunja. Miaka inapita zaidi ya saba. Kitabu kinapoanza Anne ana ishirini na saba, uzuri umemfifia, baba yake amezama katika madeni na nyumba inapangishwa. Na nani wanaoipanga? Dada yake Wentworth na mumewe, amirali. Wentworth mwenyewe anarudi akiwa nahodha, na pauni 25,000 alizozipata kwa kuteka meli za maadui vitani.

Ilipofika hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huu ni mji uliojua kungoja. Zama za majahazi makubwa watu walitoka na kusi, wakarudi na kaskazi, na kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na wanawake waliokuwa wakihesabu. Na Lady Russell naye hakututatiza hata kidogo. Bi Mkubwa wetu, aliye na miaka zaidi ya sabini, alisema pale pale: "Huyo si adui. Huyo ni somo wake." Nikaona ni kweli tupu. Somo ndiye anayekushika mkono ukivunja ungo, ndiye anayekufunza mambo ya ndani, maneno yake hayarudishwi hivi hivi. Kama Lady Russell angekuwa mwanamke mbaya, Anne angeasi, na kitabu kisingekuwapo. Anampenda Anne, na ndani ya mapenzi hayo anamkosesha furaha miaka minane. Hiki ndicho kizuizi nilichokuwa nakitafuta mwezi mzima.

Lawama zangu ni mbili. Sura za mwanzo zinakwenda pole mno, zimejaa nasaba na vyeo, na Anne na Wentworth hawakutani tena mpaka sura ya saba. Wenzangu wawili walitaka tukiache. Halafu majina yanajirudia, Charles huyu na Charles yule, ikabidi nimwite mmoja "Charles shemeji" ili tuelewane. Lakini hata katika sura zile za pole kuna vitu. Baba yake Anne anapenda sura yake mwenyewe kiasi kwamba chumba chake cha kuvalia kimejaa vioo, na amirali anapohamia kazi yake ya kwanza ni kuviondoa. Ukumbi mzima ulicheka, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake kichwani.

Mke wa amirali nimempenda sana. Amesafiri na mumewe chombo kimoja, amevuka Atlantiki mara nne, na safari moja akafika upande wa Bara Hindi. Anasema wakati pekee aliougua na kuingiwa na hofu ni majira ya baridi aliyoachwa nchi kavu, mume yuko baharini. Mmoja wetu, ambaye mumewe yuko melini na hurudi mara moja kwa mwaka, aliniomba niirudie sehemu ile. Nikairudia. Hakusema kitu.

Kisha ikaja sura ya 23, Alhamisi ya mwisho. Anne yuko chumbani anazungumza na nahodha mwingine, rafiki wa Wentworth, na mazungumzo ni juu ya nani anayependa muda mrefu zaidi, mwanamume au mwanamke. Rafiki anasema vitabu vyote vinasimulia ugeugeu wa wanawake. Anne anamjibu kwamba vitabu visiwe ushahidi, kwa kuwa kalamu siku zote imekuwa mikononi mwa wanaume. Nilipofasiri hilo Bi Mkubwa aliinua kichwa: "Huko kwao. Hapa kwetu, Mwana Kupona aliishika." Na ni kweli, Mwana Kupona alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, nao umesomwa na kukaririwa na wanawake wa visiwa hivi mpaka leo. Tukakaa hapo karibu nusu saa, tumekiacha kitabu, tukibishana kama nasaha za mama yule kwa bintiye na nasaha za Lady Russell kwa Anne ni kitu kimoja. Wengine walisema mama anafunza namna ya kuishi na mume uliyenaye, na Lady Russell anachagua mume wa mwenzake, basi si kitu kimoja. Mimi nilikuwa upande huo.

Wakati Anne anasema yale, Wentworth yuko mezani chumba hichohicho anaandika, na anasikia. Anachokiandika ni barua kwake. Ameshindwa kusema, amekaa hatua chache kutoka kwake, anaandika. Sitaifasiri barua hapa, nitaiharibu. Niliifasiri siku ile kwa sauti inayotetemeka, na sindano zote sita zilikuwa zimelala magotini.

Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

Kuna jambo moja ambalo hatujalimaliza. Karibu na mwisho Anne anamwambia Wentworth kwamba alikuwa sahihi kumtii Lady Russell, ijapokuwa ushauri wenyewe haukuwa mwema. Wadogo wetu waliona amewasaliti. Mmoja alisema miaka minane ni miaka minane, hakuna utii unaoilipa. Wakubwa walinyamaza. Mimi nilidhani Bi Mkubwa atamtetea Anne, kwa vile yeye ndiye aliyemtetea somo, lakini alikuwa anakunja kofia yake na kuitia kwenye mkoba. Aliniuliza tu, "Na yeye alikaa miaka yote hiyo hakuoa?" Nikamwambia hakuoa. Akaniomba nimwandikie ile barua kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, asome nyumbani bila miwani ya mjukuu wake. Nimemwandikia karatasi tatu, nimempelekea Jumamosi. Alhamisi hii hakuja. Alituma mtoto aseme hajambo, na kwamba ile karatasi ya pili mwandiko wangu umebana mno, nimwandikie tena.