Ethanoli kwenye petroli: ile nozeli ya 88, uweke au uache?

Wadau, karibuni. Leo niko hapa Des Moines, Iowa, jimbo linaloongoza Marekani kwa kutengeneza ethanoli, yaani alkoholi inayochanganywa kwenye petroli, na ethanoli ya huku inatokana na mahindi. Swali lenu ni moja: ile nozeli ya pampu yenye namba 88, yaani oktani 88, iliyo bei nafuu kuliko petroli ya kawaida, tuweke au tuache?

Tuanze na chupa hii. Nimetia maji mpaka alama ya mililita 10, juu yake petroli ya kawaida ya pampu, mililita 100. Natikisa. Naiacha itulie. Haya, sogeeni muone mstari wa chini: umepanda, unakaribia 20! Sijaongeza maji mimi. Ni ethanoli, imeikimbia petroli ikafuata maji. Hiyo asilimia 10 mnaiendesha kila siku, hata kama hamkuiomba.

Sasa 88 inayo ethanoli asilimia 15. Oktani imepanda kidogo, sawa, lakini oktani si nguvu, ni kuzuia injini isigonge tu. Na kwa ujazo uleule ethanoli ina nishati pungufu ya petroli kwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo mchanganyiko wa 10 unakupunguzia umbali wa kila galoni kama asilimia 3 ukilinganisha na petroli tupu, wa 15 kama asilimia 5. Kutoka 10 kwenda 15 unapoteza chini ya asilimia 2. Galoni ikiwa dola 3, punguzo la senti 5 mmetoka sare. Wakikushushia senti 15, jaza tenki. Senti 2? Wanakuchezea.

Barabarani, Corolla yangu ya 2012 naikanyaga inaitika vilevile. Kompyuta inasoma sensa ya oksijeni, inaongeza mafuta kidogo, basi.

E85, ule mchanganyiko wenye ethanoli nyingi zaidi, sitaichambua leo. Kama gari lako halikuundiwa hiyo, pita; yaliyoundiwa mara nyingi utaona kifuniko cha njano kwenye tenki.

Ila 88 imeruhusiwa kwa magari ya 2001 kuja juu. Pikipiki, boti, mashine ya nyasi, hapana. Na mashine ya nyasi hata hiyo 10 inaisumbua. Yangu niliilaza na mafuta yake majira yote ya baridi. Aprili nikavuta kamba mpaka bega likauma. Kufungua kabureta, jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, imeota utando wa kijani kama sarafu ya zamani. Siku hizi inakunywa petroli isiyo na ethanoli. Ghali, ndiyo, lakini galoni moja inanifikisha mwisho wa mwezi.