Bunduki ya raifali na shotigani kwa pamoja: uzoefu wangu, na presha niliyopandishwa

Nianze na muuzaji aliyeniuzia hii bunduki ya mitutu miwili. Nimemrudia na karatasi ya shabaha mkononi, duka la silaha hapa hapa Dar: tundu la kwanza katikati, la pili limepanda vidole viwili, la tatu vidole vinne. Kaitupia jicho, kanirudishia. "Kaka, bunduki haina shida, shida bega lako." Bega bovu hutawanya risasi ovyo, halizipangi kwenda juu kama ngazi! Muuza silaha asiyejua hilo angeuza vitumbua tu.

Kinachotokea ni hiki. Mitutu miwili imelehemiwa pamoja toka chemba hadi mdomoni, shotigani geji 12 (ukubwa wa mtutu) ya kupiga marisau, yaani vichembe vingi kwa mpigo, juu, na raifali ya risasi moja chini. Ukipiga raifali, mtutu wa chini unapata moto, unataka kurefuka. Wa juu bado wa baridi na unaushikilia. Basi yote miwili inapinda kidogo kuelekea kwenye ubaridi, yaani juu, na risasi inayofuata inapanda. Bunduki ikipoa, shabaha inarudi palepale. Ndiyo maumbile yake, na ilikuwa aniambie kabla sijatoa hela.

Kwa hiyo ukirekebisha darubini ya kulengea usiwe na haraka. Piga moja, ifungue, iache kivulini dakika kumi au zaidi, mpaka ukishika mtutu husikii joto. Ndipo upige ya pili, kisha ya tatu kwa mtindo huohuo, na urekebishe kwa wastani wa hizo tatu. Mwenye pupa hupiga tano mfululizo, anaipangia darubini mtutu wa moto, halafu porini risasi yake ya kwanza, ile ya baridi, inapita chini ya tumbo la pongo.

Zipo nyingine ambazo mtutu wa raifali unaelea: umeshikwa chembani tu, na mdomoni pana skrubu ya kuulinganisha na mwenzake. Hizo joto haliziyumbishi hivyo. Bei yake imechangamka, lakini kama mfuko unaruhusu usitazame nyingine.

Risasi nazo. Za Kijerumani zenye herufi R, kama 7x65R na 9.3x74R, zina ukingo kwenye kitako cha ganda, hivyo kidude cha kutolea ganda kinashika vizuri hata pakiwa na vumbi. Zisizo na ukingo, mfano .308, zinategemea kijino chenye springi. Kijino kikijaa mchanga kinateleza, na ganda linabaki ndani wakati mnyama anakutazama. Ila ulizia kwanza upatikanaji wa hizo za R, maana bunduki bila risasi ni fimbo ya bei mbaya. Chukua yenye triga mbili, uzoee ipi ni ya raifali. Swichi ya kuchagua mtutu husahaulika upande usiotakiwa, ukajikuta unampiga swala marisau ya kanga.

Na kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi inaingia chini ya ule utepe uliolehemiwa kati ya mitutu na kutafuna kimyakimya. Kabla ya kulipa, hakikisha haina kitu ndani, tenganisha mitutu na kitako, ining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini, kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, ulehemu ni mzima. Ikitoa sauti ya debe bovu, umeachia mahali. Muuzaji akikukatalia kufanya hivyo, ondoka. Wangu alikataa, akasema naichafua!

Nilishaandika hapa "msinunue", nimefuta. Kwa anayetembea porini akitafuta kanga na kwale, halafu nsya au swala akamkatiza mbele, sijaona silaha moja inayofanya kazi hizo mbili vizuri namna hii: marisau namba 5 juu, risasi moja ya uhakika chini, na hiyo ya kwanza haijawahi kudanganya. Kwa nyati sahau, hiyo ni kazi ya raifali ya risasi kubwa, .375 kwenda juu. Kwa mtu wa kufyatua mfululizo pia sahau.

Bunduki naipa nne kwa tano. Tatu na nusu, basi, kwa sababu ya huo ulehemu. Duka halipati hata moja, na pesa yangu ya risasi hawataiona tena.