Jahazi zuri, wakala hana adabu: safari yetu ya visiwa vya Lamu

Nianze na wakala, maana ndiye aliyetuharibia safari, na mpaka leo nikiikumbuka sauti yake kwenye simu mori unanipanda.

Msimu wa kaskazi uliopita tulikodi jahazi, pamoja na nahodha, mabaharia na mpishi. Jahazi zima, si nafasi ndani ya jahazi. Ndivyo tulivyopatana na ndivyo tulivyolipa, pesa yote kabla ya kupanda. Tulikuwa mimi, mume wangu na shangazi yangu. Njia ilikuwa Lamu, Mkanda, Pate, Siyu iliyo kisiwa hichohicho cha Pate, halafu kurudi kwa kupitia magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Kwa shangazi, huko kwingine kote kulikuwa njiani tu. Alichokifuata yeye ni Siyu. Amesomesha historia tangu ujana wake mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo amewaeleza watoto wa watu habari za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na jinsi jeshi la Seyyid Said lilivyotoka Zanzibar katika miaka ya 1840 likaja kuvunjikia Siyu, lakini ngome yenyewe ya Siyu hajawahi kuitia machoni. Wakala alijua. Nilimwambia mwenyewe, zaidi ya mara moja.

Siku ya kwanza sina la kulalamikia. Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakipwa chombo hakipiti. Nahodha alitupitisha maji yakiwa bado yanajaa, mashine kaizima, tanga peke yake, mikoko karibu tuiguse kwa mkono. Pate tulishuka Mtangawanda, tukaenda kuona magofu ya Wanabahani, tumbaku imeoteshwa katikati ya kuta za watu waliokuwa wakitawala visiwa vile. Usiku tukala changu wa kupaka na wali wa nazi, tukalala palepale chombo kikiwa kimetia nanga. Laiti ningeandika maoni yangu usiku ule, ningewasifu wote, na wakala ndani yake.

Asubuhi nahodha alitueleza vizuri. Siku zile zilikuwa za maji mafu, maji hayajai sana, na mlango wa Siyu ni tope na mikoko. Tung'oe nanga saa mbili, saa nne tuwe tumefika maji yakiwa yamejaa. Chai tukanywa mapema. Shangazi akavaa viatu, akakaa tezi, upande wa nyuma wa chombo, na mkoba wake magotini, tayari.

Simu ya nahodha ikalia. Wakala. Kuna mgeni mwingine anakuja na boti kutoka Lamu, asubiriwe.

Mgeni gani, na chombo tumekikodi sisi? Tukasubiri. Saa tatu, saa nne. Nahodha akawa anatazama maji, anatutazama sisi, anatazama simu. Mgeni alifika saa sita kasoro. Sina ugomvi naye, naye alikuwa ameahidiwa mengine kabisa. Tukang'oa nanga maji yakiwa yameshageuka zamani.

Tulipwelewa saa saba, ndani ya mlango wa Siyu. Chombo kilikwaruza chini mara moja, kikasukumwa, kikakwaruza tena, kikakaa. Baharia akachukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akalisimika, likazama kwenye tope kuliko lilivyobaki mikononi mwake, na kulichomoa ilikuwa kazi ya watu wawili. Maji yakaendelea kututoka pande zote. Mizizi ya mikoko ikabaki wazi, kaa wakatoka mashimoni, jahazi likainamia ubavu. Mpishi alikaa ameshika sufuria ya wali kwa mikono miwili ili isimwagike. Mume wangu akataka kushuka atembee, nahodha akamkataza, lile tope lingemfika mapajani, na shangazi ndiye angeshuka vipi?

Basi nikampigia wakala. Nilimpigia kwa heshima, na simu niliiweka wasikie wote. Nikamweleza tumekwama, na mama huyu mzee aliifuata ngome ya Siyu. Akanijibu hivi: "Dada, kwani ngome ni nini? Ni mawe tu. Mwambie bibi yako mawe hata Lamu yapo." Akakata.

Shangazi yangu yuko palepale, anasikia. Mwanamke wa umri wake, aliyesomesha watu wa rika la huyo wakala, kama si wakala mwenyewe. Nilimpigia tena, hakupokea. Kuchelewa ningemsamehe, hata mgeni wa kupachikwa ningemsamehe. Maneno yale simsamehi.

Tulikaa pale mpaka saa tatu usiku, maji yalipojaa tena yakatuinua. Siyu hatukushuka. Kesho yake ilibidi kurudi, kwa sababu chombo kilikuwa kimeshaahidiwa wengine.

Sasa kuhusu nahodha. Nilitaka kuandika kwamba hana kosa, na nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeshamsafisha. Alituomba radhi usiku ule kwa kinywa chake, akasema angekataa kusubiri angekosa kazi, na chombo si chake. Naelewa. Lakini baharini neno la mwisho ni la nahodha, na alijua kuliko sisi sote kwamba maji hayamsubiri mgeni. Isitoshe, baharia ndiye aliyetuambia baadaye kwamba kutoka Mtangawanda kuna pikipiki zinazokwenda Siyu. Asubuhi nzima tumekaa pale! Shangazi angepanda pikipiki, angefika, angeiona ngome yake na kurudi kabla huyo mgeni hajatokea. Kwa nini hakuna aliyefungua mdomo?

Takwa ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, utulivu wa mji ulioachwa tangu karne ya 17. Shangazi alichangamka kidogo akitueleza kwamba watu wa Shela asili yao ni hapo, na mpaka leo huvuka kuja kuomba mvua kwenye kaburi la nguzo. Mimi nilisikiliza nusu. Masikioni yalikuwa bado yanalia yale mawe.

Mkiniuliza kama mkodi jahazi, usiku ule wa tope ningesema hapana kabisa. Leo nasema kodini, safari ile kwa tanga sijaona mfano wake, na yule mpishi ni hazina. Ila msipitie kwa wakala yule, na msilipe zaidi ya nusu kabla ya kupanda. Ulizeni maji yatajaa saa ngapi kila mahali mnapotaka kushuka, na patana na nahodha ana kwa ana, mbele ya wenzenu, kwamba simu ya mtu aliye nchi kavu haizuii chombo. Akisita kukubali, tafuteni mwingine.

Nimemwandikia wakala nikitaka pesa ya siku ile. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Shangazi anasema mwaka huu atakwenda na boti ya abiria mpaka Mtangawanda, achukue pikipiki, amalize shughuli. Mimi namwambia twende na jahazi lilelile na nahodha yuleyule, ila pesa aipokee yeye mkononi. Bado tunabishana.